Fungate ya Chumba cha Muda

Ernesti karani alifika uani kwa Saleha binti Shekhe wakati vitumbua vya mwisho vikigeuzwa. Alikuwa kijana wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na mkononi alikuwa na utepe wa kupimia wa ofisi ya majengo. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda na vitumbua viwili, akala kwanza ndipo akapima. Chumba kiwe futi kumi kutoka chooni. Kiwe futi tano kutoka ua wa jirani. Theluthi ya uwanja ibaki wazi, pasiwekwe kitu, hata tundu la kuku. Dirisha lisitazame msalani.

"Mawe hapana, Mama Asmahani," alisema akiukunja utepe wake. "Saruji hapana. Bati nalo hapana. Fito, udongo na makuti, basi."

"Mbona ng'ambo ya reli wanajengea saruji?"

"Kule ni nyumba za kudumu. Huku Ngamiani ni nyumba za muda."

"Nyumba hii kaijenga babu yangu. Mama yangu kaolewa humu, na mimi nimezaliwa humu."

"Ndiyo, mama," Ernesti alisema kwa upole. "Kwa muda."

Saleha alilimeza neno alilokuwa nalo mdomoni, maana kibali kilikuwa bado mikononi mwa wenyewe. Akamwongezea kitumbua.

Hakuwa anataka makuu. Alikuwa na binti mmoja, Asmahani, aliyeposwa na Idarusi, kijana wa Ushongo aliyefanya kazi bandarini kwenye bohari la katani. Na harusi ya pwani haina ujanja. Bwana harusi huingia nyumbani kwao mke, na wawili hao wakae ndani fungate nzima, siku saba, walishwe, wafukizwe udi, wala mguu wa mtu usivuke kizingiti. Haya, waingie wapi? Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Vitatu vilikuwa na wapangaji, na hao ndio waliokuwa wakiitia nyumba chumvi tangu mumewe Saleha alipofariki. Cha nne alilala Saleha mwenyewe na shangazi yake aliyepooza. Huwezi kumwambia bwana harusi asogee kidogo shangazi ageuzwe. Na watu wa Ushongo walikwisha kuanza kunong'ona kwamba Kigombe yuko binti mwingine, ambaye kwao nafasi ipo.

Kibali kilitoka baada ya nenda rudi ambazo zingemchosha hata punda wa maji. Kilikuwa cha miezi mitatu. Kikikaribia kwisha kinahuishwa, lakini hakihuishwi kabla ya wiki yake ya mwisho, na kila kikihuishwa lazima mkaguzi akione chumba kwa macho.

Maana ya neno "muda" Saleha aliijua, kama alivyoijua kila mtu Ngamiani. Chumba cha muda kikiishiwa na kibali chake, huondoka. Hakibomoki wala hakiungui. Kilikuwapo, sasa hakipo, na pale kilipokuwa panabaki ardhi kavu. Ikitokea ofisi ikakihuisha kibali, chumba hurudi palepale na kila kilichokuwamo. Jiko la Mzee Shehe wa barabara ya tisa, lililokwisha kukaguliwa lakini karatasi yake ikachelewa mezani, liliondoka na chungu cha maharage motoni, likakaa huko liliko tangu mvua za vuli hadi masika. Liliporudi, moto ulikuwa unawaka na maharage hayajaiva. Mkewe akachochea, yakaiva, wakala. Mzee Shehe alilalamika kwamba hayana chumvi, jambo ambalo kwa kweli halikuwa kosa la ofisi.

Kwa hiyo watu walizoea. Kibali kikielekea ukingoni, mtu alitoa vyombo vyake nje, akahamishia watoto kwa jirani, akaenda kupanga foleni. Ulikuwa usumbufu mkubwa, na watu waliulaani kila siku, lakini walikwisha kuuingiza katika shughuli zao kama kuchota maji.

Chumba kilipanda. Praxeda, mpangaji wa chumba cha mbele, mke wa fundi wa reli, Mkatoliki kutoka Kilema, alipandisha gauni magotini akaukanyaga udongo pamoja na Saleha na mashoga zake. Walikandika, wakapiga chokaa, wakaingiza kitanda cha samadari alichoachiwa Saleha na mama yake. Mlango ulikuwa wa mvule, mzito, wenye komeo la ndani la chuma, kwa sababu Saleha alisema kama kuta zimekatazwa kuwa imara, hakuna aliyeukataza mlango.

Harusi iliwekwa Rajabu. Ikasogezwa, kwa sababu ami yake Idarusi alikuwa Pemba hajarudi, na Mzee Sadalla, babake Idarusi, alisema haozeshi mtoto bila ya ndugu yake kuwapo. Ikaangukia Shaabani, Ramadhani inabisha hodi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kibali kilikuwa kinaisha Jumamosi. Siku za mwanzo wa wiki zilimezwa na maandalizi, Alhamisi ilikuwa siku ya pilau, na hakuna mwanamke mwenye akili anayeacha sufuria za pilau akaenda ofisini. Saleha aliamua kwenda Ijumaa asubuhi.

Ijumaa asubuhi aliukuta mlango wa ofisi umefungwa, na askari amekaa kwenye ngazi anatafuna muwa.

"Pasaka," askari alisema. "Mpaka Jumanne."

"Karatasi yangu inaisha kesho."

"Kesho nayo ni Pasaka."

"Basi na karatasi ipumzike! Ninyi mmelala, yenyewe itafanyaje kazi peke yake?"

Askari akatema makapi ya muwa, akasema kwamba karatasi si Mkristo.

Saleha alirudi akisema peke yake njia nzima. Aliwasema Wazungu, akaisema Pasaka, akamsema na ami aliyekwenda Pemba kununua karafuu wakati watu wana shughuli. Nyumbani alikuta vigelegele. Shuka ilikwisha kuonyeshwa, heshima imepatikana, na Bi Sabiha, somo aliyemfunda Asmahani, alikuwa akicheza na sinia kichwani. Saleha akapiga kigelegele naye, kwa sababu mama hawezi kununa siku kama hiyo.

Jumamosi ilipambazuka. Karatasi za ofisi hufa kwa saa za ofisi, na Jumamosi ofisi hufunga saa sita mchana. Asubuhi nzima Saleha alizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndani walikuwa wakicheka. Bi Sabiha alitoka kwenda kuchemsha maji ya kuoga, na mlango ukafungwa nyuma yake.

"Watoe," Praxeda alimwambia.

"Siku ya pili? Bibi harusi atoke nje siku ya pili? Unajua watu watasema nini?"

"Watasema kibali kimekwisha."

"Watasema kijana hakuridhika. Watasema shuka ilikuwa ya damu ya kuku. Hata Mzee Shehe atasema, na jiko lake lilikwenda na maharage."

"Mimi si wa kwenu, Mama Asmahani. Mila yenu hainishiki. Niache nigonge mimi."

Saleha alimshika mkono. Alisema labda ofisi ikiwa imefungwa, nayo saa sita yao haitagonga. Alisema wangojee kidogo. Wakangojea, na saa sita ilipofika chumba kikaondoka. Bi Sabiha alitokea jikoni na ndoo ya maji ya moto, akasimama, akatazama huku na huku mahali pa kuyamwaga.

"Kimeondoka?"

"Kimeondoka."

"Nao?"

"Nao."

"Lahaula," Bi Sabiha alisema. "Na maji yalikuwa yamefika vizuri."

Jumanne Saleha alikuwa mtu wa kwanza ofisini. Ernesti alirudi kutoka kwao amenona, akasikiliza kisa chote, akasikitika kweli, kisha akaifungua kanuni.

"Kuhuisha kibali ni lazima tukikague chumba."

"Njooni mkikague."

"Kipo?"

"Hakipo. Ndiyo maana nataka kibali."

"Mama, hatuwezi kukagua chumba ambacho hakipo."

"Nacho hakiwezi kuwapo mpaka mkikague!"

"Ndiyo," Ernesti alisema, na uso wake ulionyesha kwamba na yeye imemkera. "Lakini unaweza kuomba chumba kipya. Kipya hakikaguliwi, maana hakijawapo. Hicho utakipata upesi."

Hapo Saleha aliketi chini, palepale sakafuni mwa ofisi. Uwanja wake ulikuwa na mahali pamoja tu palipo futi kumi kutoka chooni na futi tano kutoka kwa jirani. Akijenga chumba kipya pale, kile cha kwanza kitarudi wapi? Mwanawe na mkwewe watarudi wapi? Alimwuliza Ernesti, na Ernesti akasema kanuni haikutaja jambo hilo.

Basi hakujenga. Alipafagia. Kila asubuhi, kabla ya kuinjika vitumbua, alipafagia mahali pa chumba, akawafukuza kuku, akaokota majani. Wapangaji walikatazwa kuanika nguo hapo. Mzee Sadalla alikuja kutoka Ushongo kumwuliza mwanawe, akaonyeshwa ardhi iliyofagiliwa, akakubali kwamba ndipo, akapiga magoti akasoma dua, kisha akala wali akapanda basi. Bohari la katani lilimwandika mtu mwingine kazini. Ramadhani ikaja, ikaenda. Nywele za Saleha, zilizokuwa nyeusi siku ya pilau, zikaanza kugeuka. Na alikuwa na hasira. Watu walimwambia ashukuru kwamba wanawe hawaumwi wala hawana njaa huko waliko, naye akawajibu kwamba yeye anaumwa na yuko hapa.

Siku moja Praxeda alisema anajuana na Luka, mpishi wa Bwana Majengo huko Raskazone, kwa Wazungu. Bwana Majengo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi. Jina lake halisi hakuna aliyejishughulisha nalo. Saleha alivaa buibui lake zuri, akapitishwa jikoni, akatokezea bustanini. Bwana Majengo alikuwa amekaa katika chumba cha vioo kilichojengwa kati ya maua, ukuta wa saruji hadi kiunoni, bati jekundu juu, viti vya ukindu ndani, na vyungu vya mimea iliyonyunyizwa maji muda huohuo. Alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha asimame kivulini.

Saleha alieleza yote. Bwana Majengo alisikiliza mpaka mwisho, akasema anasikitika sana, lakini sheria ni sheria, Bibi, na sheria imewekwa ili watu wa Ngamiani wapate hewa.

"Na hiki nacho ni cha muda?" Saleha aliuliza, akiyatazama yale mavioo.

"Hiki? Hiki ni chumba cha bustani tu."

"Kina kibali?"

Bwana Majengo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama meno yake yana kibali. "Bustani ni yangu," alisema.

"Na uani ni kwangu."

Alicheka, bila ubaya wowote, akamwambia Luka ampe mama chai. Saleha aliinywa amesimama vilevile. Alipokuwa akiondoka aliona kwamba chumba kile kiliungana na ua wa jirani, hapana hata futi moja, na dirisha lake lilitazama msalani kwa wapishi. Alimwonyesha Luka. Luka akasema ameliona tangu kilipojengwa, na kwamba kibanda kile hakijapata kwenda popote.

Mwaka ukapinduka. Ramadhani ya pili ikapita. Ndipo siku moja, jua likielekea kupoa, Ernesti alikuja uani bila utepe wake, akakaa kwenye kigoda na kofia mapajani.

"Mama, nimekuwa nikisoma," alisema. "Kuna kifungu. Siku ya mwisho ya kibali ikiangukia sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Jumamosi ile ilikuwa Pasaka. Chumba chako kiliondoka kimakosa. Kilitakiwa kiwepo mpaka Jumanne jioni."

"Sasa?"

"Sasa unaidai ofisi Jumanne moja."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Saleha alimtazama kijana wa watu, akataka kumbusu kichwani, akajizuia akamkaangia samaki. Barua ikaandikwa. Jumanne ya Saleha ikapelekwa Dar es Salaam, ikakaa huko ikifikiriwa, ikarudishwa ikiwa na swali, ikapelekwa tena. Watu wa mtaani walikuwa wakimwuliza, "Bi Saleha, Jumanne yako imefika wapi?" naye huwajibu kama mtu anayengoja mzigo wa meli. Hatimaye ikakubaliwa. Alipewa siku moja ya kazi, tangu mhuri upigwe mpaka ofisi ifungwe saa kumi alasiri.

Siku hiyo alifika kabla ya ofisi kufunguliwa. Nyumbani alikwisha kumweka Praxeda akae mbele ya pale palipofagiliwa, asiondoke hata kwenda msalani. Mhuri ulikuwa kwenye meza ya Bwana Majengo. Bwana Majengo alikuwa kwenye mkutano. Mkutano ulikuwa wa mifereji. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, saa nane. Saleha alisimama, akaketi, akasimama, akamwambia Ernesti maneno ambayo siku nyingine angemwomba radhi. Bwana Majengo akarudi, akanywa chai, akaomba kalamu, akapiga mhuri. Ilikuwa saa tisa kasoro robo.

"Na mkaguzi?" Saleha aliuliza. "Leo chumba kipo. Aje akikague leo, mnihuishie kabisa, tumalize."

"Mkaguzi yuko Pangani," Ernesti alisema akitazama chini. "Atarudi kesho."

"Kesho chumba hakipo!"

"Ndiyo, mama."

Saleha hakungoja kusikia zaidi. Alipandisha buibui, mwanamke wa makamo, mwili umejaa, akakimbia. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mtoto ndani ya karatasi. Alifika kwenye njia panda ya reli akakuta gari moshi la mizigo limeziba njia, mabehewa ya katani kutoka mwanzo hadi asikouona mwisho. Yalikwenda mbele kidogo. Yakasimama. Yakarudi nyuma. Mtu wa bendera alimwambia wanapanga mabehewa. Saleha alimwuliza kama na yeye amesomea ofisi ya majengo, mtu wa bendera hakuelewa. Lilipoachia njia, kijasho kilikuwa kimemlowesha mpaka kwenye viatu.

Uani chumba kilikuwa kimerudi. Makuti yake mapya, chokaa yake nyeupe, kama siku ya pilau. Praxeda alikuwa mlangoni na mchi wa kinu mikononi, akiutwanga ule mlango wa mvule na kupiga kelele, "Tokeni! Tokeni jamani!" Sauti ilikuwa imemkauka. Ndani walikuwa wanacheka. Kugonga mlango wa fungate ni mchezo wa wanawake wote wa pwani; hugonga wakadai bwana harusi atoe kitu ndipo waondoke, na bwana harusi hodari hatoi upesi.

"Sitoi!" Idarusi alijibu kutoka ndani, kwa furaha. "Gongeni mpaka kesho!"

Saleha akamsogeza Praxeda.

"Asmahani! Mimi mama yako. Fungua."

Kicheko kikakatika. Komeo likaburutwa, na Asmahani akatokeza uso, hina bado mbichi mikononi, asumini kichwani haijanyauka. Saleha alimkamata kifuani akamvuta nje kama anavyovutwa mtoto aliyeingia barabarani.

"Mama! Mama, unanitoa nje? Siku ya pili? Nimekosa nini?" Alikuwa analia kwa aibu, anajaribu kujifunika kwa khanga. Kisha akaziona nywele za mama yake. Zilikuwa na mvi.

"Ni mwaka na zaidi, mwanangu," Saleha alisema. "Nitakueleza. Praxeda, mshike. Idarusi! Idarusi mwanangu, toka!"

Idarusi alikuja mlangoni amevaa kikoi, kifua wazi. Alimwona mama mkwe wake. Mara moja akarudi nyuma ya mlango, akajificha nusu.

"Subhanallah. Shikamoo mama. Niwie radhi, sikujua ni wewe."

"Toka! Toka hivyo hivyo ulivyo!"

"Nivae kanzu tu, mama."

"Hakuna kanzu! Toka, baba, nakuomba!"

"Mbele yako, mama? Hivi?" Kijana alikuwa amelelewa. Alisema kwa heshima kabisa, macho chini. "Ni hapa tu, juu ya kitanda. Dakika moja."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mlango, mkono mtupu hadi begani, umbali wa hatua moja. Saleha alinyoosha wake. Mama mkwe hamshiki mkwewe mwili mtupu. Hilo hakufundishwa na mtu, alizaliwa nalo. Vidole vyake vikasita hewani kwa muda mfupi sana. Idarusi aliuachia mlango akaingia ndani kutafuta kanzu. King'ora cha karakana ya reli kikalia saa kumi, ofisi ikafungwa, na mbele yao pakawa na ardhi kavu iliyofagiliwa.

Praxeda alikuwa bado amemshika Asmahani kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, ingawa hapakuwa tena na haja.

"Ningemshika mimi," alisema baadaye kidogo. "Mimi si wa kwenu."

Saleha aliitazama mikono yake, akaipangusa kwenye buibui, akaipangusa tena.

Jioni ileile walikwenda kwa kadhi, kwa sababu Asmahani alitaka kujua yeye ni nani. Kadhi alifikiri sana. Alisema hana eda, maana mumewe hakufa. Hana talaka, maana hakuachwa. Hawezi kuambiwa kwamba mumewe amepotea, maana anajulikana aliko. Kwa hesabu yake, alisema, fungate bado haijakwisha, na bibi harusi aliye katika fungate aendelee kupewa heshima zake, alishwe na asipewe kazi.

Asubuhi ya Jumatano Saleha alirudi ofisini. Ernesti alikuwa amekwisha kulitazama faili.

"Siku uliyokuwa unadai umepewa," alisema. "Wameandika kwamba shauri limekwisha, mama. Ukitaka kuhuisha, ni lazima chumba kikaguliwe kwanza."

Saleha hakumtukana. Alimwaga tu vitumbua alivyomletea, kwenye kikapu cha karatasi, akaondoka.

Uani Asmahani alikuwa ametandika mkeka mbele ya mahali pa chumba. Jua lilikuwa kali, na Praxeda alimsimikia vijiti vinne akatandaza jamvi kuukuu juu yake apate kivuli. Bi Sabiha alileta wali na kuku, sinia la watu wawili, kama inavyopasa. Asmahani alikula upande wake, upande wa pili akaufunika na kawa.

Mkaguzi alifika adhuhuri kutoka Pangani, na baiskeli yenye vumbi. Aliambiwa kuna chumba cha kukagua kwa Saleha binti Shekhe. Akaonyeshwa pale pakavu. Akapima, kwa sababu alikuwa amekuja kupima: futi kumi kutoka chooni, futi tano kutoka kwa jirani, theluthi ya uwanja wazi, na zaidi ya theluthi. Alisema ni nadra Ngamiani kuona uwanja mzuri kama ule. Kisha akakiona kile kivuli cha jamvi.

"Na kibanda hiki?" aliuliza akitoa kalamu. "Kina kibali?"

Saleha alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima humo, na yote yalikuwa yamejipanga kutoka.

Asmahani alimwahi. Aliinuka, akang'oa kijiti cha kwanza, na cha pili, na cha tatu na cha nne, akalikunja jamvi akampa Praxeda. Kisha akalivuta sinia karibu yake, akaketi tena palepale juani.

Mkaguzi akaandika kwamba uwanja ni wazi, kama sheria inavyotaka, akapanda baiskeli yake.